Kinywaji Cheusi cha Makina: Bia au Si Bia?

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakutuambia lakini la kufanya na mgema asiyejua kwamba anachokigema ni tembo. Kisa ninachokusimulia leo, mpenzi msomaji, ni cha mgema wa namna hiyo. Yeye ni binti Mwislamu, msafi wa nia, mkaazi wa Makina kule Kibera, ambaye alikaribia kuwauzia Waislamu wenzake pombe ya kufuturia, na hali yeye mwenyewe hajapata kuionja pombe tangu kuzaliwa.

Kwanza nikujulishe kwa nini mimi, mzee wa Mombasa, nikaitwa kuamua shauri la vinywaji vya Nairobi. Kwa miaka ishirini na kitu nilikula mkate wangu kwa ulimi. Nilikuwa mwonjaji wa chai. Mnada wa chai ulihamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, na tangu hapo majani ya Kericho, ya Uganda, ya Rwanda na kwingineko yamekuwa yakishuka kwetu ili yaonjwe kabla ya kununuliwa. Kazi yenyewe ni kupanga vikombe vyeupe mezani, kuchota kijiko, kuivuta chai kwa kishindo mpaka ifike puani kwa ndani, kisha kuitema. Mtu huonja vikombe mamia kwa siku wala hamezi hata kimoja. Nimestaafu, lakini pua yangu haijastaafu.

Basi siku moja, wiki chache kabla ya Ramadhani, nikapigiwa simu na binti huyo. Jamaa yangu mmoja aliyeoa Kibera ndiye aliyempa nambari. Baada ya salamu akasema:

"Mzee, nimetengeneza kinywaji cha wimbi na kakao. Ni cheusi, kina povu, kinanukia chokoleti. Watu wanakipenda. Lakini jirani mmoja amesema hii ni bia, na maneno yameenea mpaka msikitini. Nimeshachukua mkopo wa chama, na nimepata oda ya chupa mia mbili za arusi. Njoo uonje utuamulie."

Nilimjibu kwamba mimi si sheikh. Akaniambia masheikh wa kuuliza wapo, bali wao wamemwambia hawawezi kuhukumu kitu wasichokijua kimetengenezwa vipi. Walitaka kwanza mtu anayejua vinywaji. Nikaona neno hilo ni la haki. Nikapanda gari la moshi la asubuhi.

HARUFU YA KAWANGWARE

Sikuanzia Kibera. Nilimwuliza binti kimea chake anakipata wapi, akanijibu kwamba hukinunua Kawangware kwa mama mmoja wa Kiluhya. Nikamwambia tuanzie huko, maana mwonjaji mzuri huanza na shamba kabla ya kikombe.

Kawangware iko magharibi ya jiji, ng'ambo ya pili ya Barabara ya Ngong ukiwa unatoka Kibera. Jina lake, wanavyoeleza Wakikuyu, latokana na ngware, yaani kwale, ndege waliokuwa wamejaa pale kulipokuwa mashamba na vichaka. Siku hizi kwale ni watu. Wenyeji huziita sehemu za mtaa kwa nambari za matatu, arobaini na sita na hamsini na sita, na mgeni asiyejua hesabu hiyo hupotea. Waluhya ni wengi, na palipo na Waluhya huwa na kumbukumbu ya busaa, pombe yao ya jadi ya mahindi na wimbi.

Tulimkuta yule mama uani, nyuma ya nyumba ya mabati. Mbele yake palikuwa na bati pana juu ya mafiga, moto wa kuni chini yake, na juu ya bati unga wa mahindi uliokuwa umekandwa na kulazwa siku kadhaa mpaka ukachacha. Alikuwa akiugeuza kwa mwiko mrefu kama kasia. Unga ulianza mweupe, ukawa rangi ya mchanga, ukawa rangi ya matofali, kisha ukaanza kuwa rangi ya kahawa iliyokaangwa.

Na hapo ndipo nilipoinusa. Wallahi, ilikuwa chokoleti. Nilifumba macho nikajihisi niko Mombasa, asubuhi, karibu na muuza kahawa anayekaanga buni zake kwenye kikaango, na kando yake mtu anafungua pakiti ya kakao. Nikamwuliza mama kama ametia kakao. Akacheka sana.

"Kakao ya nini, baba? Huu ni moto tu."

Alisema kweli. Mwaka 1912 mwanakemia wa Kifaransa, Louis-Camille Maillard, alieleza kinachotokea chakula kinapoungua kidogo kidogo. Sukari na protini zilizomo ndani yake hukutana katika joto, zikazaa rangi ya kahawia na harufu nyingi mpya. Ndiyo inayofanya ganda la mkate linukie, nyama ya mshikaki inukie, kahawa na kakao zinukie. Kwa hiyo harufu ya chokoleti haitoki kwa kakao peke yake. Nafaka yo yote iliyokaangwa kwa ustadi inaweza kuitoa.

Wazungu nao walilijua hilo zamani. Bia nyeusi za London za karne ya 18 zilitengenezwa kwa kimea cha shayiri kilichokaushwa kwa moto mkali. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler akasajili mtambo wa kukaangia kimea ndani ya pipa linalozunguka, mfano wa mitambo ya kahawa, na tangu hapo bia nyeusi ikapata uchungu wake wa kahawa na harufu yake ya chokoleti. Kipo kimea ambacho watengenezaji wa bia hukiita kimea cha chokoleti, na hakina hata chembe ya chokoleti ndani. Siku hizi wako wanaozidisha, wakatia na kakao yenyewe.

Mama akanieleza kazi iliyobaki. Unga huo uliokaangwa hupozwa, ukatiwa maji, ukachanganywa na unga wa kimea, yaani wimbi lililolowekwa mpaka likaota, likaanikwa, likasagwa. Baada ya siku mbili tatu jungu linaanza kuchemka pasipo moto. Kisha huchujwa, na wazee huinywa vuguvugu, wengine wakizunguka chungu kimoja kila mtu na mrija wake mrefu.

Akachota kidogo kwenye kikombe cha bati akaninyoshea. Nikamshukuru, nikamwambia dini yangu hainiruhusu. Hakukasirika. Akasema:

"Basi nusa, baba. Pua haina dini."

Nikainusa. Chini ya ile chokoleti palikuwa na uchachu wa maziwa lala, na chini ya uchachu palikuwa na kitu kingine chembamba, kikali, kinachopanda hadi kwenye paji la uso. Kitu hicho nakijua, na wewe msomaji wa pwani wakijua, hata kama hujapata kukionja. Ndicho kinachonuka kwenye kibuyu cha mgema jua linapokuwa limepanda. Tembo likigemwa alfajiri ni tamu, likifika adhuhuri limekuwa jingine. Nikaiweka harufu hiyo katika kumbukumbu, kwa sababu nilijua nitaitafuta Kibera.

Wako watakaoniuliza: wewe ulikuwa ukionja chai na kuitema, kwa nini usionje na hiyo ukaitema? Jibu langu ni kwamba chai ningeimeza isingenidhuru dini yangu. Kuna mambo mtu hayapimi kwa ncha ya ulimi, kwa sababu ulimi ukishaingia, moyo hufuata.

NYUMBA YA MAKINA

Kibera ina historia inayotuhusu sisi Waislamu, na wengi wetu wa pwani hatuijui. Waliokaa pale kwanza walikuwa askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, pamoja na wake na watoto wao. Ndio tunaowaita Wanubi. Serikali ya Kiingereza haikuwapa pensheni ya maana, ikawaachia wakae kwenye msitu ule, na kwa lugha yao msitu ni kibra. Mwaka 1918 ardhi hiyo, zaidi ya ekari 4,000, ilitengwa rasmi kuwa ya jeshi. Walioishi pale walikuwa wapangaji wa hisani, bila hati. Ilichukua karibu miaka mia moja, mpaka Juni 2017, Wanubi wa Kibera kukabidhiwa hati ya ardhi ya jamii, na ekari zilizobaki zilikuwa 288.

Katika miaka hiyo ya kati mambo mengi yalitokea, na moja lao si la kujivunia. Katika miaka ya 1930 na 1940 pombe kali iliyokuwa ikikenekwa Kibera ilijulikana Nairobi nzima, na Waingereza waliiita "jini ya Kinubi". Si kila nyumba iliyoikeneka, na wazee wa dini waliilaani. Lakini palikuwa na wajane wa askari wasiokuwa na shamba, wala kazi, wala pensheni, wakawasha moto chini ya mtungi. Ndiyo asili ya chang'aa ya Kibera, ambayo baadaye ilitoka mikononi mwao ikawa biashara ya kila mtu.

Nyanya yake binti ndiye aliyenieleza haya, tulipokuwa tumekaa barazani kwake Makina. Ni mkongwe, macho yameingia ukungu, lakini Kiswahili chake ni cha kukatwa kwa kisu. Nilidhani atalificha jambo hilo kwa mgeni. Hakulificha.

"Mwanangu," akaniambia, "mamangu alikuwa akikeneka. Mimi nilisomeshwa Kurani kwa pesa za mtungi ule. Maalim alijua, mamangu alijua, nami nilijua. Kila Ijumaa alikuwa akilia. Siku alipokufa babangu mdogo kwa kinywaji hicho hicho, alizima moto asiuwashe tena, na mwezi mzima tulikula mboga bila ugali."

Kimya kikapita. Nilikumbuka Novemba 2000, pale Mukuru, mtaa mwingine wa Nairobi, pombe iliyotiwa sumu ya methanoli ilipoua watu zaidi ya 100 na wengine kuachwa vipofu. Serikali ilikuwa imeiharamisha chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980, na mwaka 2010 ikaja sheria mpya iliyoifuta ile, ikataka vileo vyote vya namna hiyo viuzwe kwa leseni na viwe vimetiwa chupani. Sheria zimekuja na kwenda, na mitungi haijaisha.

"Ndiyo maana nikamwambia huyu mtoto amwite mtu," nyanya akaendelea. "Sitaki moto ule urudi nyumbani humu kwa mlango wa nyuma."

Hapo nikafahamu kwamba sikuitwa kuonja kinywaji tu.

CHUPA TATU

Binti akaeleza anavyofanya. Hukaanga wimbi mpaka liwe jeusi, akalisaga, akapika uji mwembamba. Hutia kakao ya Bundibugyo, Uganda, na sukari kidogo. Uji ukipoa hutia kimea, kwa sababu kimea kina kazi ya ajabu: huula ule uzito wa uji na kuugeuza kuwa utamu. Ndugu zetu wa Tanzania hutengeneza togwa kwa njia hiyo hiyo. Kisha huchuja, akajaza chupa, akazifunga kizibo.

Nikamwomba chupa tatu: ya leo, ya jana na ya juzi. Akaziweka mezani juu ya kitambaa cheupe, na vikombe vyeupe vitatu.

Wanaohukumu bia nyeusi huko Ulaya wana utaratibu wao, nao haupishani sana na wetu wa chai. Kwanza jicho, kutazama rangi na povu. Pili pua. Tatu ulimi. Nne koo, yaani kile kinachobaki baada ya kumeza. Mimi siku ile nikaongeza hakimu wa tano, na huyo ni siku. Nikauliza kila chupa ina umri gani.

Chupa ya leo ilifunguka kimya. Rangi yake ilikuwa ya kahawa chungu, na ukiinua kikombe kwenye mwanga pembeni palionekana wekundu wa mbivu ya tende. Povu halikuwapo ila mapovu machache ya kumiminwa. Puani, chokoleti safi, na nyuma yake harufu ya wimbi lililoungua kidogo, kama ukoko wa chini ya sufuria ambao watoto hugombania. Nikaonja. Ilianza na utamu, ukaja uchungu wa kakao, kisha ukavu kidogo kwenye fizi kama wa chai ya rangi iliyokaa sana. Nilimeza kwa raha. Nikamwambia: "Hii ni nzuri. Sukari punguza, tangawizi ongeza, na wimbi liondoe motoni mapema kidogo, linaelekea jivu."

Chupa ya jana ilipofunguliwa, ilipumua. Pumzi ndogo tu, kama mtu anayeshusha mzigo. Binti hakuisikia, mimi niliisikia. Juu ya kikombe likasimama povu la rangi ya maziwa ya chai. Nikainusa mara moja, nikainusa mara ya pili, nikaiweka chini bila kuionja.

Chupa ya juzi ilipofunguliwa ilipiga kelele. Povu lilipanda, likamwagika kitambaani. Binti akatabasamu kwa fahari, akasema:

"Hii ndiyo wateja wanaipenda kushinda zote, Mzee. Wanasema ina nguvu. Kuna wanaokuja kuniuliza kama ninayo ya siku tatu."

Nikaikaribia kwa pua. Chokoleti ilikuwapo, uchachu ulikuwapo, na chini yake, chembamba, kikali, kinachopanda hadi kwenye paji la uso, kilikuwapo kile nilichokinusa Kawangware.

Msomaji, nimewahi kukataa chai ya mamilioni ya shilingi kwa kutikisa kichwa tu, na usingizi wangu haukukatika. Siku ile ulimi wangu ulikuwa mzito. Mkopo wa chama niliujua, oda ya arusi niliijua. Na nyanya alikuwa amekaa mlangoni, haoni vikombe, lakini masikio yake yote yako kwetu.

Nikasema: "Ya leo ni uji. Ya juzi ni pombe. Ya jana iko njiani."

HUKUMU NA SABABU ZAKE

Binti aliniuliza swali ambalo nawe pengine unajiuliza. Itakuwaje pombe na hakutia hamira, wala kileo, wala nia? Nikamweleza. Kimea kibichi hakiji peke yake. Kwenye maganda ya wimbi huishi hamira ndogo ndogo za asili zisizoonekana kwa macho. Kimea kinapougeuza uji kuwa sukari, hamira hizo huila sukari hiyo, zikatoa vitu viwili: hewa na kileo. Ile hewa ndiyo iliyosukuma povu. Kwa hiyo povu alilokuwa akilionea fahari lilikuwa ushahidi dhidi yake. Chupa kufungwa na jua la Nairobi kuwaka kumeharakisha tu.

Akaniambia: "Lakini hakuna aliyelewa, Mzee. Watu wanakunywa chupa moja wanaenda zao."

Tukaenda kumwuliza imamu baada ya swala ya Alasiri. Akatukumbusha, kwa upole, kanuni aijuayo kila mtoto wa chuoni, kwamba kitu ambacho kingi chake hulevya, hata kidogo chake hakifai. Akaongeza kwamba hata zama za Mtume watu wakiloweka tende katika maji na kunywa maji yake matamu, bali waliyaacha yanapokaa siku yakageuka. Kwa hiyo rangi si hoja, jina si hoja, wala povu la kumiminwa si hoja. Hoja ni kile kilichomo.

Hili nataka tulishike sote, maana sisi wa pwani tuna makosa ya pande mbili. Kuna wanaoharamisha kwa macho: wakiona cheusi chenye povu katika chupa ya kahawia, basi. Na wakumbuke kwamba kakao yenyewe, kabla haijawa chokoleti ya watoto wetu, hulazwa siku tano hadi saba na utomvu wake ukachacha, kileo kikapatikana, kikageuka kuwa siki, kisha mbegu zikaanikwa juani na kukaangwa. Siki ya tembo tunayotia kwenye achari nayo imepita njia hiyo. Jambo huhukumiwa lilipofika, si lilipopita.

Na kuna wanaohalalisha kwa maandishi. Ndugu zetu wanaorudi kutoka Ghuba huja na makopo ya vinywaji vya kimea, na siku hizi maduka ya Mombasa yanavyo vingi. Vingine havikupata kuchachushwa hata kidogo. Vingine ni bia kamili iliyotolewa kileo baadaye, na katika nchi nyingi kinywaji huruhusiwa kuitwa kisicho na kileo hata kama kimebaki na nusu ya asilimia moja. Anayenunua asome maandishi madogo, kisha amwulize mwanachuoni wake. Mimi pua yangu haifiki huko.

Tuliporudi nyumbani binti alizihesabu chupa zilizobaki za jana na za juzi. Zilikuwa arobaini. Kwa bei yake ya shilingi mia moja, hizo ni shilingi elfu nne, na kwa mtu wa mkopo elfu nne ni nyingi. Hakuna aliyemwambia azimwage. Alizibeba mwenyewe kwa karai hadi kwenye mtaro, akazifungua moja moja. Kila moja ilipumua. Nyanya alikuwa akizihesabu kwa masikio, na ya arobaini ilipokwisha akasema, "Alhamdulillahi," akaingia ndani kutawadha.

ILIVYOKWISHA

Usiku ule tulikaa jikoni kutengeneza upya. Kosa halikuwa kimea, kosa lilikuwa kukitia na kukiacha hai. Tukapika uji, tukaupoza mpaka kidole kiweze kuvumilia kwa shida, tukatia kimea, tukafunika. Saa mbili baadaye ulikuwa mwepesi na mtamu. Ndipo tukaurudisha motoni, ukatokota sawasawa kwa muda mrefu, hamira zote zikafa. Tukauchuja, tukaupoza haraka ndani ya maji ya barafu, tukajaza chupa zilizochemshwa. Nikamwekea masharti matatu. Kila chupa iandikwe siku yake, ikae kwenye friji, na ikifika siku ya pili jioni isiuzwe. Tena nikamwambia pua ya mzee si maabara. Kabla hajaanza biashara kubwa, akipeleke kinywaji chake kipimwe na Shirika la Viwango la Kenya, kisha awaendee wanaotoa vyeti vya halali.

Sitakudanganya kwamba mambo yalikwenda kama siagi. Alipoanza kuuza kile kipya, wateja wake wa "siku tatu" walikuja, wakaonja, wakasema kimepoa. Hawakurudi. Wenye arusi walipunguza oda kutoka chupa mia mbili hadi themanini. Kwa miezi miwili alilipa mkopo wa chama kwa kuuza mandazi asubuhi.

Lakini katikati ya Ramadhani ilinifikia chupa moja Mombasa, ndani ya boksi la barafu, mikononi mwa jamaa yangu aliyesafiri usiku. Ilikuwa imeandikwa tarehe ya jana kwa kalamu ya wino. Adhana ya Magharibi ilipolia nilikula tende tatu, nikaifungua. Niliinamisha sikio kabla ya pua. Haikupumua.

Rangi, kahawa chungu. Puani, chokoleti na tangawizi. Ulimini, utamu umepungua na uchungu umekaa mahali pake. Kooni, joto la tangawizi, kisha ladha ya wimbi iliyodumu mpaka nikasimama kuswali. Kasoro moja: wimbi bado analiacha motoni dakika mbili zaidi. Nilimpigia simu nikamwambia hilo, maana mgema akisifiwa sana hulitia maji.

Akacheka. Nyuma yake nikamsikia nyanya akiuliza, "Amesemaje? Imepumua?"

"La, nyanya," binti akamjibu. "Haikupumua."